Nguzo ya Babu Yako Ililiwa na Kuvu

Subi,

Nina hasira na wewe. Nimeona nianze na hilo, usije ukasoma ukurasa mzima unatafuta mahali ninapokubembeleza. Umekwenda Kisiba kumuaga bibi yako mzaa mama, mvua imekushikilia huko, na mimi nimepata mchana wa kuandika bila kukutazama usoni. Nikikutazama nitalia, na leo sitaki kulia. Leo nataka kugomba.

Habari za kula vizuri, kuvaa sweta kwenye basi na kushika simu yako stendi sitaziandika. Unazijua, na usizozijua Dar itakufundisha. Begi nimeshakufungia. Karanga zimo, majani ya chai ya kwetu yamo, ndizi mbivu nimeziweka juu zisipondeke. Kesho alfajiri basi litapita Kiwira likuchukue, uende ukasome shahada ya pili kwenye maabara wanakochunguza vimeng'enya vya kuvu. Kinyala nzima nimeitangazia. Wanawake sokoni wananiuliza vimeng'enya ndiyo nini, nami najibu kwa maringo kama vile navitengeneza mwenyewe.

Sasa niambie. Jumapili, baada ya sala ya kukuaga, baba yako mkubwa Anyosisye alisimama mbele ya ukoo wote akakuuliza: "Wewe ndiye msomi wetu. Ile nguzo ya baraza la babu yako, iliyomwangukia, ulichukua kipande ukaenda kukipima. Ni kuoza tu kwa kawaida, au kuna mkono wa mtu?" Ukainamisha kichwa. Ukachezea ncha ya khanga. Ukasema, "Baba mkubwa, bado sina uhakika."

Huna uhakika! Mwe, Subi! Nilikuwa nimeshika sinia la chai, nusura niliachie.

Na uliona kilichofuata, usijifanye hukuona. Anyosisye akakunjua mikono akasema, haya, kama hata sayansi imeshindwa, jibu tunalo. Wazee wakaitikia. Mama Zuhura akapewa mpaka Ijumaa awe ameondoka na vyombo vyake. Mama Zuhura huyu huyu jirani yetu, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani na rafiki wa babu yako mpaka babu yako akamkatia kile kiwanja cha barabarani kwa mkono wake mwenyewe. Bibi yako mzaa baba alipofariki, nani alikuwa anampelekea yule mzee uji kila asubuhi? Na kosa lake ni lipi? Eti siku moja kabla ya nguzo kuanguka alikuja na mbuzi wake, akamfunga kwenye nguzo wakati anamimina uji. Alizungusha kamba. Basi! Wameshapata uchawi, kamba ya mbuzi! Kwamba Anyosisye amekuwa akikitamani kile kiwanja ajenge fremu za maduka, hilo halisemwi, lakini hakuna asiyelijua.

Neno lako moja lingezima yote. Wewe ukalimeza.

Uhakika unao. Ngoja nikukumbushe, maana inaelekea umesahau.

Mara ya kwanza nilipolima uyoga nilijifanya mjuaji. Bwana shamba alisema majani makavu ya migomba yachemshwe kwenye pipa mpaka yaive sawasawa. Mimi nikaona kuni zinakwisha, nikayatoa mapema. Nikajaza mifuko, nikapanda mbegu, nikaining'iniza gizani, nikaanza kuwaahidi watu uyoga. Haukupita muda, mifuko yote ikawa ya kijani, ukungu mtupu. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ulikuwa kidato cha pili, hukucheka. Ulipasua mfuko mmoja, ukaunusa, ukauliza, "Mama, hii ya kijani inakula nini humu ndani?" Nikakujibu inakula jasho langu. Hukuridhika na jibu hilo, na hadi leo hujaridhika, ndiyo maana unakwenda Dar.

Halafu ikaja Pasaka ya mwaka huu. Nguzo ilikuwa imeshaanguka, babu yako yuko kitandani na nyonga imevunjika. Ukatoka chuoni Mbeya, ukaenda moja kwa moja barazani kwake, ukaokota kipande. Kilikuwa cheupe, chepesi, kinachambuka nyuzi nyuzi kama muhogo uliochemshwa ukapitiliza. Ukaondoka nacho. Ulipokitazama kwenye hadubini ulinitumia picha kwenye simu: nyuzi nyembamba za kuvu zimepenya mbao kila upande. Chini yake ukaandika, "Mama, huyu ni ndugu wa uyoga wako."

Uliporudi likizo ndefu tulikaa jikoni tunakatakata majani ya migomba, nikakuuliza. Kuvu haina meno. Inakulaje mti wa mlingoti, mkaratusi mzima, ambao mimi nikiupiga shoka linaruka?

"Mama, mbao ni sukari," ukasema.

"Usinifanye mtoto."

Ukacheka. Ukasema ni sukari kweli, glukosi ile ile, ila zimeshikana moja nyuma ya nyingine kwa maelfu mpaka zimekuwa mnyororo, na minyororo imelaliana na kubanana hata maji hayapenyi katikati. Hiyo ndiyo selulosi. Tukiila mimi na wewe inatoka kama ilivyoingia. Ng'ombe mwenyewe anawategemea vijidudu walio tumboni mwake. Kuvu, ukasema, haipeleki chakula tumboni, inapeleka tumbo kwenye chakula: inatema vimeng'enya nje ya mwili wake, kazi inafanyika huko huko kwenye mbao, yenyewe inakuja kufyonza sukari iliyo tayari.

Kisha ukaanza habari za maumbo, nikasahau hata maji niliyokuwa nimeinjika. Mimi nilidhani kimeng'enya ni majimaji yanayounguza. Kumbe kila kimoja kina umbo lake, na umbo ndilo linaloamua kitafanya kazi gani. Kimoja kina bonde lililo wazi, kinatua popote katikati ya mnyororo na kukata. Kingine kina handaki. Ulichuna uzi wa mgomba ukaupitisha ndani ya ngumi yako, ukawa unauvuta taratibu na kuuminya kwa kucha: sukari mbili, sukari mbili, sukari mbili. Kina mguu bapa pia, ukasema, unaojilaza juu ya selulosi na kuishika, na kati ya mguu na mwili kuna shingo laini inayonesa, ili mwili usogee bila mguu kubanduka. Kuna kingine kimebeba chembe ya shaba. Hicho kazi yake ni kuchuna pale pagumu kabisa, wenzake wapate ncha ya kuanzia. Na cha mwisho kinazitenganisha zile mbili mbili zinakuwa moja moja, na kuvu inakunywa.

Nikakuuliza, handaki la nini? Si kingekata tu kama panga kikaenda zake?

Ukaweka kisu chini. "Mama, mnyororo ukiuachia unarudi kulala na wenzake. Unaganda tena kama vile haukuguswa. Ukiwa ndani ya handaki hauna pa kurudi, umeshikwa pande zote. Ndiyo maana hakiachii mpaka kifike mwisho au kikwame."

Hayo ni maneno yako, sikuyasikia redioni. Mtu aliyeyasema macho yakimng'aa ndiye aliyesimama Jumapili akasema hana uhakika. Ulikuwa unataka uhakika gani mwingine? Kuvu ije ishike Biblia itoe ushahidi?

Najua kwa nini ulifanya vile. Usidhani mama yako ni mjinga. Dar utafikia kwa binti yake Anyosisye. Chumba chako kiko huko, kitanda kimeshatandikwa, na Anyosisye alipokuuliza alikutazama kwa namna ya kukukumbusha kitanda hicho. Uliogopa. Nakuelewa, na kukuelewa huko ndiko kunakonikata maini zaidi, maana woga huo nimekulea nao. Umeuona kwangu.

Mimi niliinama kabla yako. Hukuwepo, kwa hiyo nitakueleza nilivyoinama.

Unaujua mwiko wa ukoo wa baba yako. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Wanyakyusa wenzangu wengi wameshauacha, wanakula meza moja na wakwe zao na kutaniana. Ukoo wetu umeung'ang'ania kama hati ya shamba. Tangu nimeolewa, babu yako akitokea njiani mimi naingia migombani, nampa mgongo mpaka apite. Nimempikia miaka yote na hajawahi kunisikia nikimwambia karibu. Wewe ndiye ulikuwa unapeleka sahani ungali mdogo, na kurudi na maneno. "Babu kasema chumvi imezidi." "Babu kasema ndaga, asante." Ulikuwa unatembea kati yetu na mimi naona ni jambo la kupendeza kabisa.

Basi masika ya mwaka huu, kabla ya Pasaka, Jumapili moja babu yako alipelekwa kanisani. Mahindi yake yalikuwa yameanikwa barazani. Mvua ikaja ghafla, unaijua mvua ya huku, haibishi hodi. Nilijua hayupo, nikakimbia kuyakusanya. Sakafu ikawa telezi, nikashika nguzo nisianguke, kidole kikazama. Kilizama, Subi! Kwenye mlingoti uliopakwa rangi ya mafuta, unang'aa! Nje mzima, ndani mkate uliolowa.

Jioni nikamwambia baba yako. Gwamaka wa watu, mpole kama unavyomjua, akaenda kumwambia kaka yake. Unajua Anyosisye aliuliza nini? Hakuuliza nguzo ipi. Aliuliza, "Mkeo alifikaje barazani kwa baba?"

Wakakaa kikao. Kujadili miguu yangu! Nilikanyaga wapi, niligusa nini, nilikaa muda gani, kwa nini nisiyaache mahindi yaloe. Watu wazima na akili zao, na ile nguzo iko pale pale wanaiona kutoka walipokaa. Hakuna aliyeinuka kuisukuma hata kwa kidole. Baba yako, anayependa amani kuliko usingizi, akanisihi niombe radhi yaishe. Nikaomba. Nilipeleka jogoo, nikapiga magoti mbele ya mashangazi zako, nikasema nimekosa. Jogoo akaliwa, wakaniambia nimeonyesha heshima. Kabla mvua hazijakatika, paa la baraza likamlalia babu yako.

Goti lile ndilo kosa langu, si kukanyaga baraza. Nilikuwa na kidole kilichozama kwenye mbao, ushahidi gani mkubwa kuliko huo, na nikakubali kusema nimekosa. Nikajiambia ni heshima. Nikajiambia mimi nimeshasema, mwenye sikio na asikie. Uongo mtupu, nilikuwa naogopa kuitwa mkaidi. Na nilipokuona Jumapili umeinamisha kichwa, nilijiona mwenyewe, hadi lile pozi la shingo. Wale wale walioambiwa kwamba nguzo imeoza wakapuuza, leo ndio wanaotafuta mchawi, na sisi wawili tunaojua tunagawa chai.

Nimeacha kuandika kidogo. Sasa nimerudi.

Nilitoka kwa sababu niliona nguo za Mama Zuhura haziko kwenye kamba. Nilimkuta ndani anakunja mapazia. Hakuketi. Akachukua sufuria kutoka kwenye kichanja akanipa, "Jirani, hii ni yako, niliazima nikasahau." Nikaipokea. Nikawa nimesimama na sufuria kama mgeni. Ndipo akaniuliza, bado anakunja pazia, wala hakunitazama: "Hivi, mama Subi, binti yako kweli hakujua?"

Mama aliyekufunga nepi, Subi. Aliyekupa vitumbua kila Idi na kukufungia vingine kwenye gazeti uwapelekee wenzako. Nilitoka pale bila kumjibu. Nilikuwa na jibu na nikaona aibu kulisema.

Sikurudi nyumbani. Nilipita katikati ya migomba, sufuria mkononi, matope mpaka kwenye magoti, nikaenda kwa babu yako. Nikaingia ndani. Sikutuma mtoto, sikubisha hodi na kujificha. Niliingia.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi mapajani. Aliponiona akageuza uso ukutani, ndiyo adabu yake. Mimi nikasimama pale pale. Nikasema, "Baba, ni mimi, mke wa Gwamaka. Nisikilize, halafu mnitoze faini mtakayo."

Akasema, bado ameuelekea ukuta, "Kumbe sauti yako ndiyo hii."

Subi, nilitaka kuketi chini nilie. Sikuketi. Nilimweleza vyote: kidole changu, jogoo, kipande ulichokipima, kamba ya mbuzi, Ijumaa. Hakujua! Tangu walipomzuia Mama Zuhura kumletea uji, yeye aliambiwa amechoka kuja, amehamia kwa mwanawe. Ameshinda miezi akidhani yule mama amemtupa kwa sababu amekuwa kilema. Aliposikia Mama Zuhura yuko pale pale anakunja mapazia ndipo akageuka akanitazama. Ana macho ya baba yako yale yale. Nimeolewa humu miaka yote hii, leo ndiyo nimeyaona.

Akauliza, "Na Subilaga anasemaje?"

Nikamwambia Subilaga anajua, ila mbele ya watu alisema hana uhakika.

Sitakueleza uso wake ulivyokuwa. Alipapasa blanketi, akasema, "Wewe hawatakusikiliza, watasema umevunja mwiko. Gwamaka ataniomba tuyamalize kwa amani. Mimi watasema nimezeeka. Subilaga aliulizwa mbele ya ukoo, akajibu mbele ya ukoo. Mlete."

Ametuma watu wamwite Anyosisye na wazee wote, kesho kunapokucha, kwa sababu anajua unaondoka. Nami najua saa hiyo ndiyo basi linapita Kiwira. Sitakudanganya kwamba utaweza vyote viwili. Anyosisye hatakufurahia. Kitanda cha Dar huenda kikakunjwa kesho hiyo hiyo, ukaanza masomo ukiwa huna pa kulala, na mimi sina ndugu mwingine huko. Tutahangaika. Chuo hakitahama, na mabasi yanapita kila siku. Lakini Mama Zuhura akishaubeba mzigo wake akavuka daraja la kutoka kijijini, hata ukija kuwa profesa hutamrudisha.

Barua hii naiweka juu ya begi, uione kabla hujalibeba. Sitakuamsha, sitakusukuma, wala sitamtuma baba yako akuseme. Nimeutumia mdomo wako tangu ungali mdogo, nadhani nimeutumia vya kutosha.

Babu yako ameagiza kesho abebwe akae barazani, pale pale palipobomoka, na viti viwili viwekwe karibu naye. Nilimuuliza ni vya nani. Akasema, "Kimoja cha Subilaga. Kingine chako."

Changu nitakikalia. Chako sijui.

Mama yako,
Kinyala